Roboti, Draivu na Seva: Namna ya Kupanga Maktaba ya Tepu Bujumbura

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ilishusha maji, tope na mawe kutoka milimani hadi mitaa ya kaskazini mwa mji, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kuingia kwenye nyumba za watu kando ya ufuo. Anayepanga bakapu katika mji huu aanze na orodha hiyo. Diski ya akiba iliyo chumba kimoja na seva huungua pamoja nayo na huzama pamoja nayo.

Ndiyo maana tepu bado ina kazi kubwa hapa kwetu. Chukua mfano wa taasisi yenye data ya terabaiti 10. Ukiituma nje ya mji kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kukatika hata mara moja, utahitaji zaidi ya siku 46. Data hiyo hiyo huingia kwenye tepu 4 za LTO kizazi cha 6 (LTO-6), draivu mbili zinaweza kuiandika kwa usiku mmoja, na asubuhi gari linaipeleka Gitega. Tena tepu iliyotoka kwenye mashine haifikiwi na kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia. Hata Google, Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail pamoja na nakala zao za kwenye diski, ilizirudisha kutoka kwenye tepu.

Mwongozo huu ni kwa fundi aliyepewa maktaba ndogo ya tepu, tuseme yenye nafasi 24 na draivu mbili kama Dell TL2000 au HPE MSL2024, pamoja na seva ya Linux. Mifano ya programu nimeichukua kwenye Bacula, ambayo ni programu huria isiyodai ada ya leseni. Ukitumia programu nyingine, majina ya menyu yatabadilika lakini kanuni ni zile zile. Kanuni kuu ni hii: roboti, draivu na programu lazima vikubaliane nani ni nani kabla hujaandika hata baiti moja. Bakapu nyingi za tepu huharibika pale makubaliano hayo yanapokosekana, huku tepu na draivu zote zikiwa nzima.

1. Andaa chumba na umeme

Usiweke maktaba ghorofa ya chini ikiwa jengo liko karibu na ziwa au kwenye mkondo wa mto Ntahangwa au Muha. Ukilazimika, ipandishe juu kabisa ya kabati la seva.

Watengenezaji wa LTO wanashauri tepu za akiba ya muda mrefu zikae kwenye nyuzi 16 hadi 25 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Majira ya mvua ya Bujumbura huvuka mipaka hiyo kwa urahisi, kwa hiyo weka kipimajoto chenye kupima unyevu pia, na usome namba zake kila siku. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, adui ni vumbi, ambalo hukwaruza kichwa cha draivu na tepu yenyewe. Ziba matundu ya madirisha, na usihifadhi makatoni ndani ya chumba cha seva.

Umeme ukikatika draivu ikiwa inaandika, programu inaweza kuitia tepu hiyo alama ya kosa na kukataa kuendelea nayo. Roboti nayo inaweza kusimama huku imebeba tepu mkononi. Kwa hiyo seva, diski na maktaba vyote vikae kwenye UPS moja, na UPS hiyo iwe na kebo ya kuiambia seva isimamishe kazi kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Usiipange ratiba yako kwa kutegemea jenereta. Dizeli imekuwa ikiadimika mjini, na jenereta isiyo na mafuta hailindi kitu. Kumbuka pia kwamba umeme unapokatika kipoza hewa huzimika wakati mashine zinaendelea kutoa joto kwa nguvu ya UPS. Bakapu ya usiku iwekewe kikomo: joto la chumba likivuka kiwango ulichoamua, kazi isimame.

2. Nunua tepu zinazosomana

Usiagize kabla ya kujua kizazi cha draivu zako. Hadi LTO-7, draivu ilisoma vizazi viwili vya nyuma yake na kuandika kizazi kimoja cha nyuma. Kuanzia LTO-8 sheria ilibadilika: LTO-8 husoma na kuandika LTO-7 na LTO-8 tu. Taasisi yenye kabati la tepu za LTO-6 ikinunua draivu ya LTO-8 haitasoma tepu zake za zamani. Tunza draivu moja ya zamani mpaka data yote ihamie kwenye tepu mpya.

Ujazo wa kweli ni ule usiohesabu mbano: terabaiti 2.5 kwa LTO-6, 6 kwa LTO-7, 12 kwa LTO-8 na 18 kwa LTO-9. Namba kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye boksi inadhania kwamba data yako inabanika. Picha za hospitali na mafaili yaliyokwisha kubanwa hayabaniki tena.

Kwenye kebo, tazama umbo la vichwa vya pande zote mbili, upande wa draivu na upande wa kadi ya seva, kwa sababu SAS ina aina kadhaa na kebo isiyofaa itakuchelewesha hadi nyingine ifike kutoka Nairobi au Dubai. Kadi yenyewe iwe ya kawaida ya SAS. Usichomeke draivu kwenye kadi ya RAID, kwani nyingi hazikubali tepu.

3. Hakikisha seva inaviona vifaa vyote

Washa maktaba kwanza, isubiri imalize kuhesabu tepu zake, ndipo uwashe seva. Kwenye paneli ya mbele, weka maktaba katika hali ya *random*, maana yake roboti ingoje amri ya seva. Katika hali ya *sequential* roboti hubadilisha tepu yenyewe kwa mfululizo, na programu ya bakapu hupoteza hesabu.

Kisha andika:

`lsscsi -g`

Utaona kitu cha namna hii:

`[1:0:0:0] tape IBM ULTRIUM-HH6 … /dev/st0 /dev/sg2`
`[1:0:0:1] mediumx IBM 3573-TL … /dev/sch0 /dev/sg3`
`[2:0:0:0] tape IBM ULTRIUM-HH6 … /dev/st1 /dev/sg4`

Mistari yenye *tape* ni draivu, na wenye *mediumx* ni roboti. Tazama kwamba roboti iko kwenye njia ile ile ya draivu ya kwanza, tofauti ni tarakimu ya mwisho tu, 0 na 1. Katika maktaba ndogo nyingi, amri za roboti hupita kwenye kebo ya draivu moja. Kwa hiyo ukiichomoa kebo hiyo, roboti nayo hupotea. Draivu zikionekana bila roboti, chunguza mambo mawili: je, kadi inakubali namba ya mwisho (LUN) zaidi ya moja kwenye njia moja, na je, draivu hiyo ndiyo iliyoruhusiwa kupitisha amri za roboti kwenye ukurasa wa uongozi wa maktaba?

4. Linganisha namba za roboti na namba za seva

Hapa usiwe na haraka. Roboti ina hesabu yake: draivu namba 0, draivu namba 1. Linux nayo ina yake: st0, st1. Hesabu hizi mbili hazifahamiani. Linux hutoa namba kwa kufuata kifaa kilichojitokeza kwanza, na baada ya umeme kukatika na kurudi, kilichokuwa st0 jana kinaweza kuwa st1 leo. Zikipishana, programu huiamuru roboti iweke tepu kwenye draivu moja, halafu yenyewe hungoja kwenye draivu nyingine iliyo tupu. Utaona ujumbe kwamba draivu haina tepu, na kumbe tepu iko pembeni yake.

Fanya jaribio kwa mkono. Kwanza uliza hali ya maktaba:

`mtx -f /dev/sg3 status`

Jibu litaorodhesha draivu kwa jina la *Data Transfer Element* na nafasi kwa jina la *Storage Element*, kila moja ikiwa tupu au na tepu, pamoja na bakodi yake. Chagua tepu isiyo na kitu, tuseme iko nafasi ya 1, uipeleke draivu namba 0 ya roboti:

`mtx -f /dev/sg3 load 1 0`

Sasa uliza kila draivu ya Linux:

`mt -f /dev/nst0 status`
`mt -f /dev/nst1 status`

Itakayojibu kwa neno ONLINE ndiyo draivu namba 0 ya roboti. Itakayosema mlango uko wazi haina tepu. Andika matokeo, rudisha tepu kwa `mtx -f /dev/sg3 unload 1 0`, halafu urudie kwa draivu namba 1. Tepu ikikataa kutoka, draivu yako ni ya zile zinazotaka kuambiwa kwanza: anza na `mt -f /dev/nst0 offline`, ndipo uagize roboti.

Ukishajua ipi ni ipi, achana kabisa na st0 na st1. Fungua saraka ya majina ya kudumu:

`ls -l /dev/tape/by-id`

Humo kila draivu ina jina lililobeba namba yake ya utambulisho, na namba hiyo haibadiliki seva ikizimwa wala kebo ikihamishwa tundu. Thibitisha namba ya mfululizo (*serial number*) ya kila draivu kwa `sg_inq /dev/sg2` na `sg_inq /dev/sg4`, uilinganishe na ile inayoonyeshwa na ukurasa wa maktaba. Baada ya hapo tumia majina haya ya kudumu peke yake, na uchague lile linaloishia na *nst*. Herufi n ina uzito wake. Kifaa cha st hurudisha tepu mwanzo kila kinapofungwa, na kazi ya pili ya bakapu inaweza kuandika juu ya kazi ya kwanza. Kifaa cha nst huiacha tepu pale ilipofika.

Tengeneza jedwali la mistari miwili, mmoja kwa kila draivu, wenye namba ya draivu kwa roboti, namba ya mfululizo na jina la kudumu la Linux. Lichapishe, ulibandike ndani ya mlango wa kabati la seva. Draivu ikibadilishwa, jedwali nalo lisahihishwe siku hiyo hiyo.

5. Andika mipangilio ya programu

Kwenye faili la bacula-sd.conf, roboti huandikwa hivi:

`Autochanger {`
`  Name = Maktaba`
`  Device = Draivu-0, Draivu-1`
`  Changer Device = (jina la kudumu la roboti)`
`  Changer Command = "/etc/bacula/scripts/mtx-changer %c %o %S %a %d"`
`}`

Na kila draivu:

`Device {`
`  Name = Draivu-0`
`  Drive Index = 0`
`  Media Type = LTO-6`
`  Archive Device = (jina la kudumu linaloishia na nst)`
`  Autochanger = yes`
`  AutomaticMount = yes`
`  RemovableMedia = yes`
`  RandomAccess = no`
`}`

Jedwali lako linafanya kazi yake hapa. Drive Index ni namba ya roboti, Archive Device ni jina la Linux, na mistari hiyo miwili lazima ielekeze kwenye kifaa kimoja. Media Type iandikwe sawasawa, herufi kwa herufi, kwenye faili hili na kwenye faili la Director (bacula-dir.conf). Mtumiaji anayeendesha huduma ya bacula-sd awe kwenye kundi la *tape*, la sivyo amri zilizokubali ulipozijaribu kama root zitamkatalia usiku.

Kabla ya bakapu ya kwanza, simamisha huduma ya bacula-sd na uendeshe `btape` kwa kila draivu, kwa tepu isiyo na kitu, maana jaribio hili hufuta kilichomo. Toa amri ya *test*, kisha *autochanger*. Zote mbili zikipita, makubaliano yamethibitishwa.

Wenye LTO-9 waongeze hatua moja. Tepu mpya ikiingia kwenye draivu mara ya kwanza kabisa, draivu huipima kwa wastani wa dakika 40, na kazi hiyo inaweza kufika saa 2. Bacula kwa kawaida huingoja roboti dakika 5 tu. Ingiza kila tepu mpya kwa mkono kupitia mtx, mchana, iache ipimwe hadi mwisho, ndipo uikabidhi kwa programu.

6. Bakodi, makundi na usafi

Lebo ya LTO ina alama 8: sita za jina la tepu na mbili za kizazi, mfano BJA001L6. Anza kila jina kwa herufi za taasisi yako ili tepu isichanganyike na ya wengine huko inakohifadhiwa. Usitumie jina moja mara mbili, hata kama tepu ya kwanza ilitupwa. Tepu ya kusafishia ianze na CLN, kwa sababu Bacula huitambua kwa herufi hizo na haitajaribu kuandika juu yake.

Kwenye bconsole, dirisha la amri za Bacula, andika `label barcodes` ili tepu zote mpya zisajiliwe kwa mkupuo. Kila unapoingiza au kutoa tepu kwa mkono, andika `update slots`. Ukisahau, programu itaitafuta BJA007L6 kwenye nafasi ambayo sasa ina BJA012L6.

Gawa tepu katika makundi matatu: za kila siku, za kila wiki na za kila mwezi, kila kundi na muda wake wa kulindwa dhidi ya kuandikwa upya. Za kila siku zibaki ndani ya maktaba, za wiki na mwezi zitoke nje. Usafishaji wa draivu ukabidhiwe maktaba au programu, kimoja tu kati ya hivyo, na ufanyike draivu inapoomba. Kusafisha ovyo hula kichwa cha draivu.

7. Ilishe draivu kwa kasi yake

LTO-6 huandika megabaiti 160 kwa sekunde. Mtandao wa gigabiti moja huleta takribani 110. Data ikija polepole kuliko draivu inavyoweza kujipunguza, tepu husimama, hurudi nyuma, hujipanga, huanza tena, usiku kucha. Bakapu huchelewa, na tepu pamoja na kichwa huchakaa kabla ya wakati.

Dawa yake ni kukusanya kwanza. Weka diski za SSD kwenye seva ya bakapu, zielekeze kwenye Spool Directory, uziwekee kikomo kwa Maximum Spool Size, na kwenye kila kazi uandike SpoolData = yes. Data itajikusanya kwenye SSD kisha iteremke kwenye tepu kwa mwendo mmoja. Acha draivu ibane data yenyewe, na uzime mbano wa programu.

8. Peleka tepu Gitega

Gitega ni takribani kilomita 100 kwa barabara, iko juu milimani, mbali na ziwa, na hali yake ya hewa ni ya baridi kuliko ya huku chini. Taasisi nyingi zina ofisi huko tangu mji ulipofanywa makao makuu ya kisiasa. Ni mahali pazuri pa tepu za wiki na za mwezi, alimradi chumba kifungwe, kisivuje, na kipimwe unyevu kama cha Bujumbura.

Tepu isafiri ndani ya ganda lake la plastiki, ikiwa imesimama wima, ndani ya sanduku lenye sponji. Isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Tumia mfumo wa usimbaji uliomo kwenye draivu za LTO-4 na kuendelea, ili tepu ikiibwa njiani isisomeke, na funguo zihifadhiwe mbali na tepu, mikononi mwa watu wawili. Atakayetoa na atakayepokea wote waweke sahihi kwenye daftari, kwa namba za bakodi.

Tepu inayorudi ipumzike kwenye chumba cha seva kwa saa 24 kabla ya kuingia kwenye draivu, ili izoee joto na unyevu. Kabla ya kuiingiza, sukuma kimlango chake na uangalie kipini kidogo cha chuma kinachoshikwa na draivu: kiwe kimekaa sawa kwenye vishikizo vyake, juu na chini. Kikipinda, au tepu ikiwa imeanguka sakafuni, usiiingize. Tepu moja mbovu inaweza kuiharibu draivu nzima.

9. Rejesha kabla hujalazimika

Katalogi ya Bacula ndiyo inayojua faili gani liko tepu gani. Seva ikiungua na katalogi ikiwa humo humo, utabaki na tepu nzima lakini utalazimika kuzisoma moja baada ya nyingine kwa `bscan`, kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya kila usiku iwe bakapu ya katalogi yenyewe, na mafaili madogo ya *bootstrap* yanakiliwe kwenye mashine nyingine kila asubuhi. Mafaili ya mipangilio na lile jedwali la draivu viende Gitega vikiwa vimechapishwa kwenye karatasi, ndani ya sanduku la tepu.

Halafu fanya zoezi. Kila mwezi, mtu asiye fundi achague faili moja la zamani, nawe ulirejeshe na mwenyewe alifungue. Kila miezi mitatu, agiza tepu kutoka Gitega, urejeshe hifadhidata nzima kwenye kompyuta nyingine, kwa kutumia draivu tofauti na ile iliyoandika. Draivu iliyopoteza shabaha husoma vizuri kazi yake yenyewe, na kasoro hujulikana tepu inapoingia kwenye draivu ya pili. Pima muda tangu gari linapoondoka Gitega hadi mtumiaji anapoingia kwenye mfumo. Mkurugenzi akiuliza ni saa ngapi zitapita kabla kazi haijarudi baada ya janga, mpe muda huo uliopimwa.

Usisaini hati ya kupokea maktaba kutoka kwa muuzaji mpaka zoezi hilo lipite mara ya kwanza. Likishapita, andika kwenye kalenda ya ofisi tarehe ya zoezi linalofuata, na jina la atakayelifanya endapo wewe utakuwa likizo.